Gurudumu Moja, Sheria Mbili



Kuna furaha isiyomdhuru mtu, na furaha ya namna hiyo haifai kulaumiwa. Watu waliofanya kazi juma zima, wakafunga nyumba zao Ijumaa jioni, wakaenda kulala mahali pengine pamoja na rafiki zao hadi Jumapili, hawakumkosea Mungu wala jirani. Tafakari hii haiandikwi ili kuwashutumu. Inaandikwa ili kupinga uongo mmoja uliojificha nyuma ya furaha yao: uongo usemao kwamba kitu kilekile ni kizuri kikiwa mkononi mwa mwenye mali, na ni aibu kikiwa mkononi mwa mnyonge. Kitu chenyewe ni karavani, yaani nyumba ndogo yenye magurudumu ikokotwayo na motokari. Nchi yenyewe ni Uingereza.

Tuanze na furaha yenyewe, maana asiyeijua hawezi kuipima. Klabu za karavani ni vyama vya siku nyingi nchini humo, navyo vina wanachama kwa mamia ya maelfu. Noeli inapokaribia, vikundi vya klabu hizo hupanga mwisho wa juma wa sherehe. Msimamizi, ambaye ni mwanachama wa kujitolea, hupatana na mwenye shamba au mwenye uwanja. Ijumaa alasiri motokari zaanza kuingia moja moja, kila moja ikikokota nyumba yake. Msimamizi humwonyesha kila mmoja mahali pake, akiacha nafasi kati ya nyumba na nyumba ili moto ukizuka usiruke. Miguu ya chuma yashushwa ili karavani isitikisike, mtungi wa gesi wafunguliwa, pipa la maji labingirishwa hadi bombani na kurudishwa limejaa. Usiku taa za rangi zawaka madirishani. Jumamosi asubuhi wote hukusanyika kwa kahawa. Jioni kuna karamu, mashindano ya maswali, bahati nasibu, dansi na nyimbo za Noeli. Jumapili humwaga maji machafu mahali palipowekwa, huokota takataka, huagana na kuondoka. Jumatatu nyasi zimebaki na alama za magurudumu tu.

Nani atakayeuchukia mkutano kama huo? Mzee mjane aliyekuwa akila peke yake mezani amepata watu wa kucheka nao. Watoto wamekimbia nje badala ya kukaa mbele ya televisheni. Waliokuwa wageni Ijumaa wameitana kwa majina Jumapili. Haya ni mema, nasi tuyaite mema.

Lakini yafaa tuulize: ni nini kinachoifanya sherehe hiyo iwe safi na ya amani? Si damu ya watu wale, wala rangi yao, wala wingi wa fedha zao. Ni mambo matatu. Kwanza, wana ruhusa ya kukaa mahali pale. Pili, wana bomba la maji safi na mahali pa kutupa uchafu. Tatu, wana siku ya kuondoka iliyokubaliwa tangu mwanzo. Yaondoe mambo hayo matatu, nawe utaona jinsi waheshimiwa walewale watakavyokuwa baada ya siku chache: takataka zimelundikana, choo kimejaa, mwenye shamba amekasirika, na polisi wako njiani. Hili ndilo neno kuu la tafakari hii, nami naomba mlishike. Kati ya karavani inayoshangiliwa na karavani inayofukuzwa, tofauti haimo ndani ya watu. Imo katika ruhusa, bomba na tarehe.

Tena ruhusa ile haikuanguka kutoka mbinguni. Bunge la Uingereza ndilo lililoitoa. Mwaka 1960 lilipitisha sheria iliyoamuru kwamba yeyote atakaye kuweka karavani za kukaliwa katika ardhi yake sharti kwanza apate leseni kutoka halmashauri ya mahali. Lakini sheria hiyohiyo ikazifungulia klabu mlango wa pembeni. Klabu yenye cheti maalumu yaweza kuwakusanya wanachama wake kwa mkutano usiozidi siku 5, bila leseni hiyo. Yaweza pia kuidhinisha kiwanja kidogo cha mkulima ambamo karavani zisizozidi 5 za wanachama wake hupumzika, tena bila leseni. Ndiyo sababu mwisho wa juma wa sherehe hupangwa kwa urahisi: sheria imekwisha kusawazisha njia.

Kwa nini Bunge lilifanya hivyo? Kwa sababu liliziamini klabu. Lilisema kwa vitendo: hawa ni watu wa utaratibu, waachwe wajisimamie. Kuaminiana kwa namna hiyo ni jambo jema katika taifa lolote. Linalotusumbua ni kwamba kuaminiana huko kuliishia mlangoni mwa klabu.

Kwani katika nchi ileile kuna watu wengine wa karavani. Kuna Wajipsi, ambao asili yao ya mbali ni India na ambao wametajwa katika maandishi ya Britania tangu mwanzo wa karne ya 16. Kuna Wasafiri wa Ireland, ambao wengi wao ni Wakatoliki. Katika sensa ya 2021, watu karibu 68,000 wa Uingereza na Wales walijiandikisha kuwa Wajipsi au Wasafiri wa Ireland. Wengi wao siku hizi hukaa katika nyumba za matofali, wengine kwa kupenda, wengine kwa kukosa pa kwenda. Lakini kwa waliobaki barabarani, karavani si burudani ya mwisho wa juma. Ndimo walimozaliwa, ndimo wanamowazika wazee wao machozi, ndimo mama anamopika na mtoto anamofanya kazi za shule. Nao sheria ya 1960 haikuwafungulia mlango wa pembeni. Kinyume chake, katika kifungu kingine ilizipa halmashauri za wilaya uwezo wa kuzikataza karavani katika malisho ya zamani yaliyotumiwa na watu wote. Huko ndiko Wajipsi walikokuwa wakisimama kwa vizazi vingi, wakati wa kuvuna matunda na wakati wa masoko ya farasi. Wino uleule, karatasi ileile: huku klabu yakaribishwa, huku Mjipsi afungiwa mlango.

Ubaya wa jambo hili waongezeka tukikumbuka mahali ambapo burudani ya karavani ilitoka. Mwaka 1885, William Gordon Stables, Mskoti aliyekuwa daktari wa jeshi la majini na mwandishi wa vitabu vya vijana, alitengenezewa huko Bristol gari la kukokotwa na farasi wawili. Aliliita Wanderer, jina ambalo kwa lugha yetu laweza kuitwa Mzururaji. Alisafiri nalo kutoka kusini mwa nchi hadi Inverness, kaskazini ya mbali, akiwa na mwendesha farasi na mtumishi. Hadi siku ile, walioishi katika magari ya jinsi hiyo walikuwa hasa Wajipsi na watu wa maonyesho ya sokoni. Leo wapenda karavani wanamheshimu Stables kama baba wa burudani yao. Na yeye mwenyewe alijiitaje? Mwaka 1891 alitoa kitabu ambacho ndani ya jina lake alijiita Mjipsi muungwana.

Angalieni maneno hayo mawili. Aliazima jina la watu waliodharauliwa, akalibandika neno moja la heshima, na kwa neno hilo akapita kila kijiji akitazamwa kwa upendo. Katika miaka hiyohiyo ya 1880, Bungeni ilipelekwa miswada iliyotaka nyumba zote za magurudumu ziandikishwe na kukaguliwa. Mtetezi mkuu wa miswada hiyo, George Smith wa Coalville, aliwalenga Wajipsi na watoto wao. Miswada hiyo haikupita, lakini nia ilikwisha kuonekana: mzururaji tajiri aandikiwa sifa, mzururaji maskini aandikiwa sheria. Mwaka 1907, J. Harris Stone na wenzake wakaanzisha klabu ya karavani ili kuwaunganisha waliopenda maisha hayo kama burudani. Hakuna kosa katika kuiga. Kosa ni kuvaa nguo ya mtu halafu kumcheka kwamba yuko uchi.

Haki yataka tuseme pia kwamba lilikuwako jaribio la kurekebisha mambo. Mwaka 1968, kwa juhudi za mbunge Eric Lubbock, Bunge lilipitisha sheria iliyozilazimu halmashauri kuwatolea Wajipsi viwanja vya kukaa. Viwanja vilijengwa, ingawa vingi viliwekwa mahali ambapo hakuna mwingine aliyepataka: kando ya barabara kuu, karibu na reli, jirani na majalala. Halmashauri nyingine hazikujenga kitu. Kisha, mwaka 1994, Bunge likaufuta wajibu huo kabisa. Wajipsi wakaambiwa wajinunulie ardhi na kuomba ruhusa ya kuikalia.

Wengine walifanya hivyo. Huko Dale Farm, katika mkoa wa Essex, familia za Wasafiri wa Ireland zilinunua kiwanja kilichokuwa cha vyuma chakavu. Sehemu moja ya makao yao ilikuwa na ruhusa. Sehemu ya pili ilinyimwa, kwa kuwa ilihesabiwa katika ukanda wa kijani unaolindwa dhidi ya ujenzi. Baada ya kesi za miaka mingi, mnamo Oktoba 2011, polisi na watu wa halmashauri waliingia, na familia zipatazo 80 zikaondolewa katika ardhi waliyoinunua kwa fedha zao. Sikatai kwamba sheria ya mipango ya ardhi ilivunjwa. Nauliza tu: mtu aliyekatazwa kusimama katika malisho ya wote, akanyimwa kiwanja cha halmashauri, akaambiwa anunue, akanunua, akafukuzwa, asimame wapi? Hewani?

Bado hatujafika mwisho. Mwaka 2015 serikali ilibadili maelezo ya nani ahesabiwe kuwa Mjipsi katika mipango ya ardhi. Aliyeacha kusafiri moja kwa moja, hata kwa sababu ya uzee au ugonjwa, hakuhesabiwa tena. Kana kwamba mtu aacha kuwa mwana wa ukoo wake siku miguu yake inapochoka! Halafu mwaka 2022 ikapitishwa sheria nyingine. Sasa mtu mzima anayekaa, au anayekusudia kukaa, na gari lake katika ardhi bila idhini, akiambiwa aondoke na asiondoke, aweza kuwa mhalifu, ikiwa ameleta uharibifu au usumbufu mkubwa, au ikiwa yaelekea kwamba ataleta. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miezi 3 au faini ya pauni 2,500, na polisi waweza kulichukua gari lenyewe. Lakini gari hilo si gari tu. Ni kitanda cha watoto, ni jiko, ni sanduku la nguo, ni nyumba. Mwizi wa ng’ombe afungwa, lakini nyumba yake hubaki imesimama ikimngoja.

Tazameni mtego. Sheria moja ilimwambia Mjipsi: usiposafiri, wewe si Mjipsi tena. Sheria nyingine ikamwambia: ukisafiri na kusimama pasipo idhini, wewe ni mhalifu. Hata mahakama za nchi hiyo zimeona ubaya huu. Mnamo Oktoba 2022, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba maelezo ya 2015 yaliwabagua wazee na wagonjwa, na mwezi Desemba 2023 serikali ikayarekebisha. Mnamo Mei 2024, Mahakama Kuu ilitamka kwamba sehemu ya sheria mpya, ile iliyorefusha kutoka miezi 3 hadi miezi 12 muda ambao aliyefukuzwa hawezi kurudi mahali pale, haipatani na haki za binadamu. Basi tusiseme kwamba lawama hizi ni za wageni wasioijua nchi. Mahakimu wao wenyewe wamezithibitisha.

Najua majibu ambayo hutolewa, na yafaa tuyapime moja moja, maana mwenye hoja ya kweli haogopi kusikiliza.

Wa kwanza husema: sheria haimtaji Mjipsi, yamhusu kila mtu, hata mwanachama wa klabu. Ni kweli kwa maandishi. Lakini mwanachama wa klabu ana uwanja uliokwisha kupatanwa, na Jumapili jioni ana nyumba ya matofali ya kurudia. Sheria inayokataza kulala nje humgusa asiye na ndani. Kuwaandikia amri ileile mtu aliyeshiba na mtu mwenye njaa, ya kwamba wasiombe mkate, si usawa. Ni dhihaka.

Wa pili husema: hao huacha uchafu, klabu haiachi. Mara nyingine huacha, nami sitaficha. Mkulima aliyekuta shamba lake limejaa takataka ana haki ya kukasirika, na kijana wa Kijipsi aliyezitupa ana wajibu wa kuona haya. Lakini kumbukeni yale mambo matatu. Klabu haiachi uchafu kwa sababu imepewa mahali pa kuuweka. Katika mji wa Leeds walijaribu njia nyingine. Badala ya kumfukuza kila anayesimama, halmashauri ilianza kupatana na Wasafiri: mtakaa hapa kwa muda huu, tutawaletea vyoo na chombo cha takataka, nanyi mtapatunza na kuondoka siku tuliyokubaliana. Mapatano hayo yamewapunguzia wote gharama na magomvi. Je, mapatano hayo ni nini, ikiwa si mambo yaleyale ya mwisho wa juma wa klabu? Ruhusa, bomba na tarehe. Mti uleule umezaa tunda lilelile katika bustani nyingine.

Wa tatu husema: klabu hukaa siku chache tu, hao hawaondoki. Lakini wengi wao wangeondoka kama wangekuwa na mahali pengine pa kwenda. Ukimfukuza mtu kutoka uwanja mmoja bila kumwonyesha wa pili, hukumwondoa. Umempeleka kwa jirani yako. Kesho jirani atamrudisha kwako. Wakati wa kuzungushwa huko, mtoto hakai shule moja muda wa kutosha hata kujua jina la mwalimu, na mgonjwa apoteza zamu yake ya daktari. Kisha watu husema: hawa hawapendi kusoma, hawa hawajitunzi. Kwanza wamekatwa miguu, kisha wanalaumiwa kwamba hawakimbii.

Wa nne husema kwa sauti ya upole: kwa nini wasiishi katika nyumba kama watu wote? Huyu ndiye wa kuogopwa kuliko wengine, kwa kuwa adhani anatoa msaada. Kama maisha ya karavani ni ya aibu, kwa nini watu wenye nyumba nzuri walipe fedha nyingi ili wayaonje kwa siku mbili? Kama ni matamu kwa siku mbili, kwa nini yawe uhalifu kwa maisha yote? Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hapa methali imepinduliwa: kwa mwenye klabu gurudumu ni tamu, kwa Mjipsi gurudumu ni kosa, nalo gurudumu ni moja.

Nani atabisha kwamba huu ni ubaguzi wa watu, wala si bidii ya usafi peke yake? Mambo ya sikukuu yenyewe yashuhudia. Mwaka 1988, Mahakama ya Rufaa ilisikiliza kesi ya baa moja ya London iliyotundika tangazo kwamba wasafiri hawakubaliwi. Ndipo ilipoamuliwa wazi kwamba Wajipsi ni kabila linalolindwa na sheria dhidi ya ubaguzi. Mngedhani kwamba baada ya hapo jambo lingeisha. Lakini mwaka 2021 ilijulikana kwamba Pontins, kampuni yenye vijiji vya mapumziko ambako familia huenda kusherehekea mwisho wa juma, iliwapa wafanyakazi wake orodha ya majina ya ukoo ya Kiirish. Waliokuwa na majina hayo hawakutakiwa. Mwaka 2024, tume ya usawa na haki za binadamu ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni hiyo iliwabagua Wasafiri wa Ireland kinyume cha sheria. Hapa hapakuwa na shamba lililovamiwa, wala takataka. Palikuwa na watu waliotaka kulipa kama wengine, walale, wale, wacheze, warudi makwao. Jina la baba yao lilitosha kuwafungia mlango.

Basi rudini pamoja nami katika ule uwanja wa klabu, Jumamosi usiku, taa za rangi zikiwaka. Wanachama wamesimama wakiwa na vikombe mikononi, wakiimba nyimbo za Noeli. Nyimbo hizo zasimulia nini? Zasimulia mume na mke mjamzito walio safarini kwa amri ya serikali, wanaofika mjini na kukosa mahali pa kulala, na mtoto anayezaliwa mahali pasipo pa watu. Hakuna wimbo ufaao zaidi kuimbwa kati ya karavani, na hakuna wimbo uwezao kumhukumu mwimbaji vikali zaidi. Maili chache kutoka hapo, kando ya barabara, yumkini imesimama karavani nyingine, nayo ina mama na mtoto, na kesho polisi watabisha mlangoni mwake. Sisemi kwamba wanachama waache kuimba. Nasema kwamba wimbo huo una deni, na deni hulipwa.

Wangelilipaje? Hapa sitaki kubaki katika lawama. Klabu hizi zina nguvu ambayo Wajipsi hawana: zasikilizwa Bungeni, zina wanasheria, zajua jinsi ya kuendesha kiwanja safi kwa watu wa kujitolea tu. Zaweza kusema hadharani: sisi twajua, kwa maarifa ya zaidi ya miaka mia, kwamba watu wakipewa ruhusa, bomba na tarehe, karavani haidhuru mtu, basi wapewe na wengine. Zaweza kuwafundisha wanachama wao kwamba mwenye karavani kando ya barabara si aibu ya burudani yao, bali ni ndugu mkubwa katika barabara hiyohiyo. Neno moja la namna hiyo, likitoka midomoni mwa watu wanaoheshimiwa, lingekuwa na uzito kuliko hotuba nyingi za wageni.

Labda mmoja wenu atauliza: haya ya Uingereza yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, picha za furaha za nchi za mbali zatufikia kila siku katika simu zetu, nasi tu wepesi wa kuzitamani bila kuuliza ni nani aliyeachwa nje ya picha. Kijana mwenye akili hutazama picha yote, na hutazama pia mahali ambapo picha imekatwa.

Pili, ninyi mnaokwenda kambini pamoja na vikundi vyenu mnayajua yale mambo matatu kuliko mtu yeyote. Kabla ya kambi, viongozi wenu huomba ruhusa kwa wenyeji. Hutafuta chanzo cha maji na kuchimba choo. Husema siku ya kuja na siku ya kuondoka. Kwa ajili hiyo kijiji huwapokea kwa shangwe, nanyi huondoka mkisifiwa kwa adabu. Msidhani kwamba adabu hiyo ni yenu peke yenu. Sehemu moja mliileta. Sehemu nyingine mlipewa pamoja na maji na mahali pa kulala. Kumbukeni hilo siku mtakapomwona mtu asiyepewa chochote, naye anaitwa mchafu, mzururaji, mtu asiye na kwao.

Hukumu ya namna hiyo hutoka mdomoni upesi, na hudumu vizazi vingi. Kabla ya kuitamka, ulizeni maswali matatu mepesi. Je, mtu huyu amewahi kuruhusiwa kusimama mahali popote? Je, amewahi kupewa maji na mahali pa kuweka uchafu wake? Je, amewahi kuambiwa lini aondoke, na wapi aelekee? Kama majibu yote matatu ni hapana, basi bado hamjamjua mtu huyo. Mmekijua tu kile alichonyimwa.